Bosi wa mabati apewe dhamana kabla polisi hawajagonga mlango?

Mkwe_wa_Busia: Wadau habari za jioni. Nina swali na naomba tusitukanane. Hapo ng'ambo Kenya mkubwa akisikia tu fununu kwamba wapelelezi wanamfuata anakimbilia Mahakama Kuu, jaji anampa dhamana kabla hajakamatwa, analala kwake. Kwetu Uganda, Katiba kifungu cha 23(6) inamwongelea mtu ambaye tayari ameshikwa. Sasa kwa kesi hizi za mali ya serikali kupotea njiani, kama yale mabati ya msaada wa watu wa Karamoja, kule kaskazini-mashariki, yaliyofikisha mawaziri kortini 2023, na sisi tuige Kenya ama tuache hivi hivi?

MalabaTransit: Hapana hapana hapana. Kwanza jela ya Luzira halafu ndiyo tuongee sheria. Watu walipelekewa msaada, mabati yameandikwa Ofisi ya Waziri Mkuu herufi kubwa kabisa, yanakutwa yameezeka banda la mbuzi, halafu mwenye mbuzi apewe karatasi ya jaji alale vizuri? Mimi mbuzi zangu zinanyeshewa.

Wakili_wa_Kona: Ndugu Malaba, dhamana siyo msamaha. Mshukiwa hana hatia mpaka mahakama iseme. Na Kenya hawatoi kama pipi, lazima uonyeshe jaji kwamba polisi wanatumia nguvu vibaya, mfano kukukamata Ijumaa jioni makusudi ulale ndani wikendi yote.

MalabaTransit: Si hapa Uganda polisi wanaruhusiwa kukushikilia masaa 72 lakini

Wakili_wa_Kona: 48 mzee. Soma Katiba.

MalabaTransit: Wewe ndiyo usome, sisi tunaendesha malori.

StejiNambaTatu: Niachieni hapo kwa 48. Mwaka jana nilikamatwa na boda yangu, kisa abiria alikuwa na mzigo ambao hata sikuufungua, nikakaa siku nne. NNE. Ukutani kuna bango limeandikwa bondi (dhamana ya polisi) ni bure, na chini ya hilo bango ndipo nilipoambiwa nitafute laki moja na nusu. Sasa mnaniambia waziri apewe dhamana kabla ya kukamatwa, mimi hata baada ya kukamatwa sikuipata.

Mkwe_wa_Busia: Pole sana ssebo. Lakini si ndiyo sababu ya kuitaka? Ikiwepo itakusaidia na wewe.

StejiNambaTatu: Itanisaidia na wakili wa kulipa na nini, chapati?

Mzee_Bweyale: Vijana mnapigana bure. Semeni ukweli mchungu, hata hayo mabati yangefika Karamoja wangeyauza tu wanunue pombe. Mtu wa manyata, vile vijumba vya wafugaji, bati la nini?

Nyakiru_Namalu: Mzee nakuheshimu kwa umri wako lakini hapo umekosea na nitakujibu. Mimi ni wa Namalu, Nakapiripirit. Sisi tunalima mahindi na nyinyi mnakula posho yake, ugali huo, hamjui imetoka wapi. Nyumba ya mama yangu ni nyasi siyo kwa kupenda nyasi, ni kwa sababu bati ni hela. Yale mabati yalikuwa ya watu, wakiwemo vijana waliosalimisha bunduki, waliambiwa rudini nyumbani mtajengewa. Kijana katoa bunduki, bati halijafika. Wewe ungefanyaje?

Mzee_Bweyale: Binti sikutukana mtu, nimesema ninachokijua, nilikuwa kazini Moroto miaka ile.

Nyakiru_Namalu: Miaka ile ipi? Kila mtu aliyepita Moroto na lori la serikali anakuwa mtaalamu wetu. Ndiyo ule usemi wa hatutangoja Karamoja iendelee. Sawa msitungoje, ila mabati yetu acheni.

MalabaTransit: 😂😂 mzee ameezekwa

Kaka_Soroti: Mzee Bweyale omba msamaha yaishe. Na wewe dada usituunganishe wote, sisi majirani zenu wa Teso ng'ombe wetu waliibwa na nani miaka hiyo, si nyinyi?

Nyakiru_Namalu: Haya sasa imekuwa ng'ombe.

Kaka_Soroti: Ni wewe umefungua historia bambi.

*(Jamani ujumbe arobaini hapa ni wa ng'ombe tu, nimeruka. Mkwe)*

Wakili_wa_Kona: Turudi kwenye mada. India waliiweka hii dhamana kwenye sheria yao ya mwenendo wa jinai ya 1973 na watu wanafungwa vilevile. Sisi hatuna, na bado mabati yalitoweka. Mawaziri watatu walishtakiwa 2023, Kitutu, Lugoloobi na Nandutu, mpaka Aprili 2025 ndiyo Nandutu akahukumiwa miaka minne na Mahakama ya Kupambana na Rushwa, mabati 2,000. Miaka miwili! Mimi kinachoniuma ni huo mwendo, siyo alilala wapi usiku wa kwanza.

StejiNambaTatu: Wewe hujalala huko ndiyo maana hakikuumi.

MalabaTransit: Miaka minne kidogo. Alishtakiwa kuiba?

Wakili_wa_Kona: Hapana, kushughulika na mali yenye kutiliwa shaka. Yaani ukipokea au ukitunza kitu ukiwa na sababu ya kuamini kimepatikana kwa rushwa, umeingia. Sheria haiulizi kama wewe ni waziri.

MalabaTransit: Subiri. Hata mnunuzi wa kawaida?

Wakili_wa_Kona: Hata wewe, kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kushuku. Bei ya kutupa, duka halina risiti, maandishi yamekwaruzwa...

MalabaTransit: Ok

Nyakiru_Namalu: Mbona umenyamaza ghafla kaka wa malori?

MalabaTransit: Hakuna kitu nyabo. Nilinunua mabati 12 Mbale ya jiko la nje, yule jamaa alikuwa na haraka. Mawili yana rangi imepakwa juu ya rangi.

StejiNambaTatu: Banange 😂😂😂 Luzira kwanza!!

MalabaTransit: Wakili njoo inboksi. Hiyo ya Kenya, mtu wa Uganda anaweza kuombea Busia upande wao?