Kamera za AI kukagua waya kiwandani, kuna aliyejaribu?

FundiNala
Habari zenu wakuu. Nipo kiwanda kimoja hapa Dodoma, tunavuta waya kutoka milimita 5.5 mpaka saizi ndogo, mwingine unaenda kwenye misumari, mwingine tunaupiga zinki usishike kutu, kwa ajili ya seng'enge na waya wa kutambazia mizabibu. Ukaguzi ni macho tu, na usiku macho yanachoka. Mkulima wa Hombolo kasimika nguzo kafunga waya, masika moja tu una kutu vipande vipande, inaniuma sana hii. Sasa bosi kasikia habari za akili mnemba anataka tufunge kamera kwenye mashine ya kuvutia waya. Itatusaidia kweli au ni kutupa hela?

Umeme_Kizota
Mkuu anza na spidi kwanza. Waya ukitoka mita 10 kwa sekunde, kamera ikipiga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde waya umeshasogea sentimita nzima, picha ni ukungu mtupu na hakuna programu itakayoona mkwaruzo hapo. Inabidi ipige kwa sehemu moja ya laki, ndo usogee kama milimita 0.1, na hapo unataka taa kali hatari. Tena waya ni duara unang'aa, taa ya upande mmoja inakupa mstari mweupe katikati huku pembeni giza, tafuta taa ya kuzunguka. Na kamera moja haioni mgongo wa waya, ziwe 3 angalau.

DadaUbora
Hesabu sawa, ila kwenye mashine ya kuvutia mimi nakataa. Pale waya umejaa unga wa sabuni wa kulainishia, sisi tulifunga hapo ikawa inapiga alamu kila saa mpaka vijana wakaizima. Na wewe kilio chako ni kutu, kwahiyo nenda kwenye zinki! Funga baada ya waya kutoka kwenye zinki ya moto na kupoa, pale unatembea taratibu kuliko kwenye kuvuta, sehemu zinki iliporuka zinaonekana vizuri tu. Lakini unene wa zinki kamera haipimi, hiyo bado ni kukata kipande, pima uzito, yeyusha zinki kwa asidi, pima tena. Nyufa za ndani nazo haizioni.

FundiNala
Nimekuelewa dada. Ila picha za waya mbovu hatuna nyingi, ishirini hazifiki.

DadaUbora
Ifundishe kwa waya mzima usio na kasoro, picha nyingi za zamu zote, ishtuke ikiona kitu tofauti. Mwanzoni isizime mashine, ipige alama ya rangi tu halafu mtu akahakikishe.

Umeme_Kizota
Na vumbi letu la mwezi wa 8 mnalijua, weka hewa ya kompresa ipulize kioo cha kamera muda wote.

FundiNala
Asanteni sana. Usiku naingia zamu, naanza na vipande vya roli za waya zilizorudi kutoka Hombolo, nivipime zinki kwanza ndo niongee na bosi.