Naomba ushauri: ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe) kwenye maboga, nihamie salfa sasa au nisubiri?

Wakuu, maboga yana wiki ya 7, ndiyo kwanza yanashika matunda, na majani ya chini yana unga mweupe juu na chini. Ukipitisha kidole unafutika, wala hakuna madoa ya njano yenye pembe. Kwa hiyo ni ubwiriunga, si ubwirivinyoya, ule ukungu mwingine.

Majani yaliyofunikwa zaidi ya nusu yamekatwa. Mengine yameachwa, maana boga likikosa kivuli linababuka na jua.

Nanyunyizia maziwa lita 1 kwa maji lita 9, kila siku 7, asubuhi. Yanakinga tu majani ambayo hayajashikwa. Bekingi soda ikizidi kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 inaunguza kingo (na tafadhali, magadi ya maharage ni kitu kingine).

Sasa salfa ya kuchanganya na maji: mchana joto linafika nyuzi 33, na mafuta ya mwarobaini yalipulizwa siku 5 zilizopita. Salfa ikipulizwa kwenye joto hilo, au ikikaribiana na mafuta, majani yanaweza kuungua. Mngesubiri wiki 2 kamili, au kuna dawa ya kupenya ndani ya jani mnayoiamini? Na ikipulizwa, msusa (majani ya maboga ya kula) unachumwa baada ya siku ngapi?