Tupeane uzoefu: Mafundi wa mtaani mliorasimisha ujuzi VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), cheti kimewasaidia vipi?

Kaka wa Mbagala
Wakuu, salaam. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha yake yamejaa mtaa mzima. Kazi aliipata kwa mjomba, shule aliishia darasa la saba. Sasa kila tenda ndogo ya shule au zahanati anaulizwa cheti, hana, kazi anapewa mwingine. Nimemshauri aende VETA kwenye ule utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Anahofia kurudishwa darasani kukaa na watoto. Mliopita huko, mlikutana na nini?

Fundi Umeme Mwanza
Asiogope. Mimi walimu walinifuata saiti, wakanitazama nikifanya kazi huku wakiuliza kwa nini nafanya hivi na si vile. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo wengi wetu tunapokwama. Kwamba taa ni waya wa unene wa 1.5 na soketi ni 2.5 (milimita za mraba), hiyo nilikuwa nayo kichwani. Lakini kupiga hesabu ya mzigo wa nyumba, au kupima ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) kwa mita, hakuna aliyewahi kunielekeza. Nilifundishwa yale niliyopungukiwa tu, nikapimwa tena, nikapewa cheti.

Faida niliyoipata mimi ni leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kabla ya hapo nilikuwa natandaza nyaya nyumba nzima, halafu natafuta mwenye leseni agonge muhuri kwenye fomu ya kuomba umeme TANESCO, naye anaondoka na fungu nono la jasho langu. Siku hizi fomu naijaza mwenyewe. Jamani, hilo peke yake linatosha mtu kwenda.

Mpishi wa Mlimani
Napika safari za Kilimanjaro. Kule juu maji yanachemka kabla ya kupata moto wa kutosha, maharage yanagoma kuiva. Mbinu zake nilipewa na wapishi wakongwe na nawashukuru mpaka leo. Mafunzo ya kuziba mapengo yalinipa mengine: ubao wa nyama mbichi usiguse mboga, na mgeni aulizwe vyakula vinavyomdhuru kabla hatujapanda. Mgeni akianza kuharisha kambi ya Barafu, kilele haoni tena.

Ila tuseme ukweli wote. Bosi wangu wa wakati ule alifurahia cheti, akakionyesha kwa wateja wake, mshahara haukupanda hata shilingi. Nilihama. Kampuni iliyofuata ndiyo iliyonilipa kama mpishi mwenye cheti.

Spana Mkononi
Gereji ni tofauti kidogo. Mteja anafuata mkono wa fundi, cheti hakiulizi. Mimi nilichofaidi ni kujua kutumia mashine ya kusoma hitilafu, maana magari ya sasa yana sensa kila kona, ukibahatisha unamnunulisha mtu spea asizohitaji. Na kwa walioajiriwa: mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea anailipa Serikali tozo ya ujuzi, SDL, na sehemu ya fedha hiyo inaiendesha VETA. Mwombeni awapeleke. Hela anatoa tayari.

Kaka wa Mbagala
Asanteni sana wakuu. Swali moja: dogo kuandika kunampa shida. Itakuwaje?

Fundi Umeme Mwanza
Kwenye kundi letu alikuwepo mzee mwashi wa namna hiyo. Walimuuliza kwa mdomo akiwa kazini, akaeleza zege ya moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto) akiwa ameshika koleo, na alifaulu. Mwambie aanze kupiga picha za kazi zake, na awe na wateja wawili watatu wa kumthibitisha. Kwa Mbagala, aanzie chuo cha VETA Chang'ombe.