Naombeni ushauri: Core i3-5005U au AMD A6-7310, nichukue ipi?

Kidole Kimoja (mleta mada)
Wakuu, salaam. Niko njia panda na usingizi umekata. Nimepata laptopu mbili zilizotumika, bei zinakaribiana, na nachukua moja tu. Ya kwanza ina prosesa ya Core i3-5005U, ya pili AMD A6-7310. Zote RAM ni GB 4, zote zina diski ya kuzunguka. Matumizi ya kawaida tu: kuandika, intaneti, video kidogo. Nimesoma kwamba i3 ina viini 2, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi, na A6 ina viini 4. Mimi najua nne ni zaidi ya mbili, lakini kila ninayemwambia hivyo anacheka na hanielezi. Nahitaji jibu kabla ya keshokutwa.

Fundi Nati
i3. Funga uzi.

Jicho la Tatu
Fundi naye, mweleze mtu basi. Mkuu, viini havihesabiwi kama mbuzi zizini. Viini vya A6-7310 ni vya ukoo wa Puma, AMD ilivibuni viwe vidogo na visile umeme mwingi. Vya 5005U ni Broadwell, ukoo uleule wa i5 na i7 za laptopu za mwaka 2015, na kila kiini kinaendesha nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukifungua Windows utaona 4 huku na 4 kule.

Kasi ya zote inaanzia 2.0 GHz. A6 inaweza kupanda mpaka 2.4, i3 haipandi hata kidogo, imefungiwa palepale. Hata hivyo kiini kimoja cha i3 kinakiacha mbali kiini kimoja cha A6, na kazi ulizozitaja zinategemea sana kasi ya kiini kimoja. Ongeza kwamba A6 inasoma RAM kwa njia moja tu wakati i3 inaweza njia mbili, na kwamba A6 imetengenezwa kwa teknolojia ya zamani zaidi ya nanometa 28, i3 kwa ya 14. Zimetoka mwaka mmoja lakini si rika.

Mtoto wa Gemu
Msidharau Puma, ni mdogo wake Jaguar aliyemo ndani ya PS4! PS4 imecheza gemu kubwa kibao.

Jicho la Tatu
PS4 ina viini 8 vya Jaguar, RAM ya GB 8 ya aina ya GDDR5 na sehemu ya michoro ambayo hiyo A6 haiisogelei. Ukoo mmoja haukufanyi urithi nyumba.

Mzee wa Mazabodi
Mimi nawashangaa mnaopigana kwa prosesa. Nilikuwa na mashine, sitaitaja, mke wangu anaiwasha, anakwenda kuoga, anarudi anaikuta bado inajifikiria. Mwaka mzima natukana prosesa. Mpwa wangu akaja likizo, akafungua skrubu, akatoa diski ya kuzunguka, akaweka SSD, ile diski isiyozunguka. Basi. Ikawa inawaka kabla hujavuta kiti vizuri. Tangu siku hiyo namheshimu yule mtoto kuliko baba yake. Weka SSD, weka RAM ya GB 8, prosesa utaisahau.

Shangazi Skrini
Vijana mnanunua vitu kama mnakimbizwa. Kompyuta ni kitu cha kukaa nacho miaka, wewe unataka jibu kabla ya keshokutwa. Keshokutwa kuna nini?

Kidole Kimoja
Hakuna kitu shangazi, ni mipango yangu tu.

Jicho la Tatu
Matumizi ya kawaida hayana tarehe ya mwisho, mkuu. Sema.

Kidole Kimoja
Sawa. Kuna mtihani wa cheti nafanyia nyumbani, kwa mtandao. Kuna programu yao ya usimamizi, kamera inakuwa wazi muda wote. Maelekezo yanasema lazima Windows 11. Sikulitaja kwa sababu naona hilo ni jambo la Windows, si la prosesa.

Fundi Nati
Loh.

Jicho la Tatu
Ni la prosesa hasa! Orodha ya Microsoft ya Windows 11, kwa upande wa Core za Intel, inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Hiyo i3 ni kizazi cha 5, ndiyo maana namba yake inaanza na 5. A6-7310 haimo pia. Na Windows 10 yenyewe msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Umetuuliza ipi kati ya hizi mbili, kumbe kwa kazi yako hakuna.

Kidole Kimoja
Lakini watu wanaiweka hivyohivyo kwa kuyakwepa hayo masharti. Mwenye A6 kasema ataniwekea mwenyewe. Na kusema kweli nimeshamtangulizia nusu. Sidhani kama nimekosea sana, viini 4 ni viini 4.

Shangazi Skrini
Kumbe hutaki ushauri, unataka tubariki ndoa iliyokwishafungwa.

Mtoto wa Gemu
Uzi huu una nyuzi nyingi kuliko hizo prosesa zote mbili.

Fundi Nati
Kukwepa kunawezekana, simdanganyi mtu. Toleo la 24H2 la Windows 11 linakataa kabisa kuwaka kwenye prosesa zisizo na amri za SSE4.2 na POPCNT, na hizi zote mbili zinazo, kwa hiyo itawaka. Ila Microsoft hawakuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Sasa jipigie picha: GB 4, diski ya kuzunguka, Windows 11, kivinjari, kamera, programu ya usimamizi, vyote pamoja kwenye viini vya Puma. Picha ikiganda katikati ya swali la kumi utamweleza nini msimamizi?

Kidole Kimoja
Basi nirudi kwenye i3. Jana niliijaribu vizuri, nikafungua Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha kasi ya prosesa, ilikuwa inacheza 2.69 GHz bila wasiwasi.

Jicho la Tatu
Rudia hapo. 5005U haina turbo, ule uwezo wa kupandisha kasi. Haivuki 2.0 hata ukiiombea dua. Hiyo 2.69 umeitoa wapi?

Mtoto wa Gemu
Huu si uzi tena, ni kamba.

Mzee wa Mazabodi
Mimi nilishaona zamani, nikanyamaza. Mtu ana mtihani keshokutwa, hana mashine, ana muda wa kubishana hapa mchana kutwa? Hana i3 huyu, hana A6, hana mtihani. Na mimi nimemsimulia mpaka habari za mke wangu!

Kidole Kimoja
Jamani naapa. Nilipiga picha kwa simu, ngoja niitafute.

Kidole Kimoja
Nimeipata. Nimeikuza. Stika ya pembeni ya kibodi inasema Core i3. Kwenye Task Manager imeandikwa Intel(R) Core(TM) i5-5200U CPU @ 2.20GHz. Sikuwahi kusoma hapo juu, nilikuwa naangalia ule mchoro unaopanda na kushuka.

Jicho la Tatu
Nakuomba radhi, basi. 5200U inaanzia 2.2 na inapanda mpaka 2.7, kwa hiyo 2.69 yako ni halali. Viini 2, nyuzi 4, kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) MB 3, michoro ya HD Graphics 5500, kama 5005U tu, ila hii inapanda. Lakini prosesa hizi zimechomelewa kwenye mazabodi, hazichomolewi kama betri. Ama mazabodi nzima imebadilishwa, ama kava lenye stika limetoka mashine nyingine. Muulize mwenye nayo. Huo ni mbuzi kwenye gunia, hata kama safari hii mbuzi kanenepa.

Fundi Nati
Na bado ni kizazi cha 5.

Mzee wa Mazabodi
Picha iko wapi? Mimi sijaiona.

Shangazi Skrini
Mwanangu, waulize wenye mtihani kama unaweza kutumia mashine ya kuazima. Hakuna mtu kwenu mwenye ya karibuni?

Kidole Kimoja
Nimewaandikia, wamesema ruksa, mradi niijaribu na programu yao siku moja kabla. Shemeji yangu anayo ya kizazi cha 11, tena GB 16.

Fundi Nati
Ulikuwa nayo muda wote huo?! Mpigie shemeji. Funga uzi.

Kidole Kimoja
Tatizo hatuongei. Ile aliyokuwa nayo kabla ya hiyo niliimwagia maji kwenye kibodi, nikaifunika nikaondoka. Wakuu, mtu kama huyo anaanzwaje?