Kozi ya sayansi ya "jisomee kwa kasi yako": wamemwaga MAJI kwenye ASIDI halafu wanatuambia turudie somo

Mzee wa Meniskasi (mleta mada)

Wakuu, salamu zitafuata baadaye.

Wale jamaa mnawajua. Jina sitaji, mods wasije wakaufuta uzi. Wale wa kozi ya sayansi ya kidato cha tatu na cha nne, ya video na katuni, ambao tangazo lao lina mtoto anaruka na begi kama kashinda bahati nasibu.

Fungueni mada ya asidi na besi, video ya tatu, dakika ya 4 sekunde ya 12. Yule katuni wao mwenye tai nyekundu ana bika ya asidi ya salfuriki iliyokolea, asilimia 98, wameandika wenyewe kwenye lebo. Anatabasamu. Miwani hana. Anachukua jagi. ANAMIMINA MAJI KWENYE ASIDI. Jagi zima! Kama anazimua juisi ya ukwaju ya msibani, wageni wamezidi. Na nyuma unapigwa muziki wa harusi.

Wameandikiwa. Leo asubuhi wamejibu: "Asante kwa maoni. Tunashauri mwanafunzi arudie somo kwa kasi yake." Kasi ya kwenda wapi, wodi ya walioungua?

Kwa walioiaga kemia kidato cha pili: sentimita moja ya ujazo ya ile asidi ina gramu 1.84, ya maji ina gramu 1. Kwa hiyo maji yanakaa juu. Joto la kuchanganyika ni kubwa mno na lote linazuka pale pale yanapokutana, maji yanachemka ghafla na kurusha asidi usoni kwa aliye karibu. Ukigeuza, asidi kidogo kidogo ndani ya maji mengi, asidi inazama na joto linagawanywa kwenye maji yote. Mfano, ukitaka sentimita 250 za ujazo za 1 M (M ni moli kwa lita, kipimo cha ukolezi) kutoka ile ya 18 M: unapima asidi kama 13.9, unaidondosha polepole kwenye maji kama 150 yaliyo kwenye bika, bika imekaa kwenye beseni la maji baridi, unakoroga na kijiti cha kioo. Ikishapoa ndiyo unahamishia kwenye flaski ya ujazo na kujaza mpaka alama. Ukijaza ikiwa bado ya moto, ikipoa itashuka chini ya alama na hesabu yako imekufa.

Sasa sikilizeni uchawi wenyewe. Jaribio la mwisho wa video lina maswali 5, na la 4 linauliza njia sahihi ya kuzimua asidi iliyokolea. Ukichagua "asidi kwenye maji" linatokea X jekundu na mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Na video inayofuata ina kufuli mpaka upate 5 kwa 5. Yaani mtoto anayejua anabaki mlangoni mpaka mwaka ujao, na yule atakayejimwagia anapewa nyota ya dhahabu.

Maji. Kwenye. Asidi. Akitabasamu.

Nawasilisha.

Kidato Sugu

Uzi bila picha ya huyo katuni ni kesi bila ushahidi. Navuta kiti.

Bi Fenofta

Mshukuru Mungu hilo kufuli limekuzuia. Jibu kishetani upite uone titresheni yao, ile ya kudondosha asidi kwenye besi mpaka kiashiria kibadilike rangi. Bureti, ule mrija wenye alama wa kudondoshea asidi, imesuuzwa kwa maji tu, haikusuuzwa kwa asidi inayoingia, kwa hiyo asidi inazimuliwa kabla kazi haijaanza. Faneli imeachwa juu, inadondosha matone yake mwenyewe. Chini ya koki kuna kiputo cha hewa kikubwa kama embe, na hicho kikitoka katikati ya kazi kinahesabiwa kama asidi iliyotumika.

Halafu kioja. Wana sentimita 25 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M, asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M, na kiashiria wameweka POP (fenofthalini). Kwa POP rangi inapotea nusu ya safari tu, kaboneti ikishageuka haidrojenikaboneti. Video inaonyesha 12.5 kwenye bureti. Kwenye hesabu wameandika 25.0! Hiyo 25.0 ni ya MO (methili orenji), inayobadilika kwenye pH ya 3.1 hadi 4.4, mmenyuko ukiwa umekwisha kabisa. Walijua jibu, wakalibandika.

Mzee wa Meniskasi

Hayo yote nakubali dada, lakini je, alitabasamu akimwaga maji kwenye asidi? Kiputo hakijamuunguza mtu.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Povu lote hili kwa sababu ya katuni. Mkuu, katuni anagongwa na treni na anainuka. Tuliza mshono.

Mzee wa Meniskasi

Katuni atainuka. Atakayemuiga hatainuka.

g ya Neptuni

Mnalia na kemia, fizikia yao hamjaiona. Pendulumu ya mita 1, yaani gololi inayobembea kwenye uzi. Katuni anaachia gololi, anabonyeza saa, na papo hapo anasema "moja". MOJA! Gololi haijaenda hata kokote. Anahesabu mpaka 20 na kusimamisha. Hapo ni mabembeo 19. Muda wanapata sekunde 38.1, wanagawa kwa 20, T (muda wa bembeo moja) inakuwa 1.905, na g (mvuto) inatoka 10.9. Duniani ni 9.8. Neptuni ndiyo inakaribia 11. Maelezo yao chini ya video: "tofauti imesababishwa na upepo."

Unaanza na SIFURI gololi ikipita katikati, ambako ina mwendo mkubwa na jicho halikosei. Pembe isizidi digrii 10. Na urefu unapimwa mpaka katikati ya gololi, wao wameishia kwenye fundo la uzi.

Kidato Sugu

Kumbe kozi imetengenezwa Neptuni, ndiyo maana huduma kwa wateja wanachelewa kujibu 😂

Mboga Saba

Baiolojia nayo ni msiba. Kupima sukari isiyo rejeshi, sukrozi: wanachemsha na asidi ya haidrokloriki, sawa. Halafu Benedikti, ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, moja kwa moja. Sodiamu haidrojenikaboneti iko wapi? Benedikti inahitaji mazingira ya besi. Usipoiua asidi kwanza, ukiweka kidogo kidogo mpaka povu liishe, rangi inabaki bluu na mtoto anaandika "hakuna sukari" kwenye juisi ya muwa.

Na Benedikti hawaichemshi! Wanaitikisa tu kama dawa ya kikohozi. Ilipaswa kukaa kwenye maji yanayochemka dakika kadhaa ndipo ipande: kijani, njano, rangi ya chungwa, mpaka nyekundu ya tofali.

Mzee wa Meniskasi

Ndugu zangu, naomba turudi dakika ya 4 sekunde ya 12.

Bando Limekata

Nani ameweza kufika hiyo dakika ya 4? Video ya dakika 9 ina MB 640. Ni slaidi isiyosogea na sauti ya mtu mwenye mafua. Kasi yangu mimi ni ya bando.

Kodeki Kali

MB 640 kwa sekunde 540 ni karibu megabiti 9.5 kwa sekunde. Hiyo ni ya kutazama mpira kwenye skrini ya ukutani. Somo la slaidi likishushwa hadi 480p, fremu 15 kwa sekunde, kodeki (kibana video) ya H.264 yenye kiwango cha ubora cha CRF 28, na sauti ya mono ya kilobiti 64, linashuka mara kumi na zaidi bila herufi kuharibika, kwa sababu picha haisogei na kodeki haina cha kuandika. Kosa lao ni kurekodi skrini nzima kwa fremu 60 na kupakia vilevile.

Ile sehemu ya "maabara shirikishi" haifunguki kabisa kwa sababu mafaili ni ya Flash, programu ya zamani ya katuni za mtandaoni. Adobe, wenye nayo, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Mtu anauza kozi mpya yenye mafaili ya marehemu.

Mjumbe wa Nyumba Kumi

Kuna PhET, majaribio ya kuigiza kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, bure, nyingi zinafunguka kwenye simu na baadhi ziko kwa Kiswahili. Mnapenda kulipia presha.

Mzee wa Meniskasi

PhET safi. Huko kuna mtu amemwaga maji kwenye asidi akitabasamu? Hakuna.

Fundi Terminali

Samahani wasomi. Kila siku betri ya gari inaongezwa maji, na mle ndani ni asidi hiyo hiyo ya salfuriki. Hailipuki. Sasa hizo kelele za "maji kwenye asidi" ni za nini?

Kidato Sugu

HAHAHAHA mleta mada njoo huku umeitwa

Bi Fenofta

Fundi, ile ya betri imeshazimuliwa. Betri ikijaa chaji asidi yake ina uzito wa 1.26 hadi 1.28 kwa haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji), theluthi moja hivi tu ni asidi kwa uzito, iliyobaki ni maji. Joto kubwa lilishatoka siku ilipotengenezwa. Ya kwenye video ni 1.84. Na wewe unaongeza vijiko vichache, yule katuni jagi.

Fundi Terminali

Hapo nimekuelewa dada. Basi waambie na wateja waache kuongeza asidi. Kinachopungua kwenye betri ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi inazidi ukali na kula sahani. Maji ya dukani yaliyotoneshwa tu, ya bomba yana chumvi. Na uongeze baada ya kuchaji, yapite juu ya sahani kama milimita 10. Ukijaza kabla ya chaji yatapanda na kumwagika kwenye terminali, ndiyo ule unga mweupe mnaouona.

Bando Limekata

Fundi, betri ya N70 ya sola inasoma volti 11.9 asubuhi wakati jioni taa moja tu ndiyo iliwashwa. Imekufa?

Fundi Terminali

Iliyojaa ikipumzika saa kadhaa inasoma 12.6 au 12.7. Hiyo 11.9 imekauka chaji. Ichaji kwanza ijae kabisa, halafu pima haidromita chumba kimoja kimoja. Vyote sita vikiwa juu sawasawa, betri haijafa, huenda paneli haitoshi. Kimoja kikiwa chini peke yake, hicho kimekufa na betri nzima kimeizika.

Mzee wa Meniskasi

Jamani huu ni uzi wa asidi na besi.

Mboga Saba

Na ya jeli nayo inafunguliwa kuongeza maji?

Fundi Terminali

Ya jeli usiiguse mama, imefungwa. Hiyo ni ya chaji tu, na chaja yake iwe ya jeli.

Bando Limekata

Haidromita inauzwa bei gani Kariakoo?