Sindano ya kulegeza misuli ya taya kwa mtu anayesaga meno usiku, nani kashachoma?

Dada_wa_Uyole
Habari zenu wadau. Niko Mbeya, nafanya kazi ya hesabu kwenye duka la pembejeo na msimu ukichanganya mnajua wenyewe, stress juu ya stress. Usiku nabana meno, nasaga, mume wangu anasema amelala na mashine ya kukoboa. Asubuhi naamka taya limekaza, panja zinauma pande zote mbili, hata kupanua mdomo nipige mswaki wa nyuma ni shughuli, na hii baridi ya mwezi wa sita ndo inaniongezea kabisa. Gego moja limemeguka kipande. Nikaenda kwa daktari wa meno akanipiga picha akasema halijaoza, meno yamelika na misuli imechoka, akaniambia nitengenezewe kile kiplastiki cha kuvaa usiku. Sasa mdogo wangu yuko Dar ananiambia achana nacho, kuna sindano ya botox, ile ile ya akina dada wanaoondoa mikunjo usoni, unachomwa kwenye taya msuli unalegea unalala zako. Na kuna saluni hapa mjini inaitangaza kwenye status, bei imeshuka sana. Je inasaidia kweli? Mdomo hautapinda? Mama mkwe yeye kashatoa hukumu, ni minyoo.

Mzee_wa_Rungwe
Mama mkwe wako yuko sahihi 😂 sisi utotoni ukisaga meno tu kesho yake unapewa dawa ya minyoo, hakuna mjadala. Meza kwanza ndo uje na hayo ya sindano.

Kinywa_na_Meno
Mzee wangu shikamoo, ila hiyo ya minyoo tuiache. Mtu mzima anayesaga meno usiku wala huhitaji kumtafuta mdudu tumboni, tunaangalia msongo wa mawazo, kahawa na pombe za usiku, sigara, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, na dawa anazotumia. Kuna dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline, baadhi ya watu zikiwaingia wanaanza kubana meno. Dada kama unatumia yoyote usiiache ghafla, rudi kwa aliyekuandikia umwambie.

Kuhusu sindano. Weka vidole kwenye mashavu pembeni ya taya halafu bana meno, utasikia kitu kinatuna. Huo ndo msuli wa kutafunia, ndo unaochomwa, mara nyingine na ule wa kwenye panja. Dawa yenyewe ni sumu ya bakteria, ile ile inayoua watu waliokula chakula cha kopo kilichoharibika, ila hapa ni kidogo sana. Inazuia mshipa wa fahamu usimwage kemikali inayouamuru msuli ukaze. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo, inaanza baada ya siku kadhaa, wiki 2 hivi ndo unaiona vizuri, halafu miezi 3 mpaka 4 inaisha na msuli unarudi.

Kinachowachanganya watu ni hiki: sindano haikuzuii kusaga. Ubongo bado unatuma amri usiku, isipokuwa msuli hauna nguvu ya kuvunja jino. Maumivu wengine yanapungua sana, wengine kidogo, na tafiti zenyewe hazijakubaliana. Marekani waliiruhusu 1989 kwa makengeza na kope zinazojikaza, 2002 kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, 2010 kwa kipandauso sugu, lakini kusaga meno hakumo, daktari anayekuchoma anaitumia nje ya kibali. Siyo dhambi, madaktari tunafanya hivyo kwa dawa nyingi, ila akwambie.

Kiplastiki kwanza dada. Halafu mchana jizoeshe midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umepumzika juu. Ukiwa kwenye zile hesabu zako jikague, nakuhakikishia utajikuta umebana.

Mnyalu_Mpole
Kamwene wote. Mimi nilichoma, siyo huku, nilikuwa Dar kikazi. Kuchomwa kwenyewe hakuna cha kutisha, tusindano twembamba, unaambiwa bana meno, anaweka alama na kalamu, anachoma sehemu kadhaa shavu hili na shavu hili, kahawa yako haijapoa umemaliza. Maumivu ya kichwa yale ya asubuhi yalikata, huo ndo ukweli siwezi kuficha. Ila kula sasa! Nilirudi Iringa nikakuta wamepika makande ya mahindi magumu yale ya kwetu, natafuna nusu sahani taya limechoka hoi, nikaweka kijiko chini watoto wananicheka. Nyama choma ndo usiseme, nilikuwa mtu wa mchuzi na viazi. Na tabasamu lilikaa upande, siyo sana lakini kwenye picha za harusi ya shemeji naonekana kama namdharau mtu. Vyote vikarudi sawa dawa ilipoisha, na maumivu nayo yakarudi. Sasa hivi navaa plastiki tu, nauli ya Dar kila ikiisha nani ataiweza.

Duka_la_Dawa_Njombe
Hapo kwenye saluni ndo pa kusimama. Hii dawa mara nyingi ni unga ndani ya kichupa, aina nyingi lazima zikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, inachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali wakati wa kutumia. Sasa ikitoka Dar kwenye buti la basi usiku kucha mpaka Mbeya nani anajua imefikaje? Na yuniti za kampuni moja siyo sawa na za nyingine, anayekariri namba bila kusoma kichupa anaweza kukuzidishia mara kadhaa. Omba uone kichupa kikiwa kizima, jina, tarehe ya kuisha, usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na anayechoma awe daktari aliyesajiliwa, siyo aliyefundishwa na video. Bei ikishuka sana jua kuna kitu kimepunguzwa humo.

Dada_wa_Uyole
Aisee asanteni, mmenifungua macho. Daktari, dawa za sonona situmii. Ila sikusema, nina mtoto bado ananyonya, hiyo ina shida?

Kinywa_na_Meno
Sasa dada hilo si ndo lingekuja la kwanza! Mjamzito na anayenyonyesha hatumchomi, usalama wake haujathibitishwa. Vilevile mwenye ugonjwa wa misuli kulegea, na ukiwa kwenye sindano za gentamicin sema, zinaongeza makali. Kwa hiyo mjadala wa saluni umeisha kwa sasa. Na hata baadaye, kuchoma mfululizo miaka na miaka msuli unasinyaa, na kwa wanyama imeonekana mfupa wa taya unapungua, kwa watu bado wanachunguza.

Usiku weka kitambaa cha maji ya moto kwenye mashavu robo saa kabla ya kulala, miwa na mahindi ya kuchoma viache kidogo, big G tupa. Taya likikwama halifunguki au halifungi, njoo siku hiyo hiyo. Na wengine mnaosoma, maumivu ya taya yanayokuja na kifua kubana na jasho usiyapeleke kwa daktari wa meno, kimbia hospitali, huo ni moyo.

Dada_wa_Uyole
Sawa, kesho narudi kupimwa hicho kiplastiki. Si nakiosha na maji ya moto tu?

Kinywa_na_Meno
Hapana! Kitapinda na hakitaingia tena. Maji baridi, mswaki laini na sabuni kidogo, kianike, na ukifiche mtoto asikipate.