Maharage yamenyeshewa baada ya kung'olewa, na mwaka jana yalibunguliwa. Naomba ushauri

MamaWaMsaranga
Habari za jioni wakulima wenzangu. Nina nusu eka ya maharage, aina ya Lyamungo 90, huku tambarare chini ya barabara ya Himo, nimechanganya na mahindi. Nilipanda mwishoni mwa Machi. Jumamosi tuling'oa kama theluthi, tukarundika pembeni ya shamba ili tuyabebe Jumapili baada ya ibada. Usiku manyunyu yakashuka, na tangu hapo ni mawingu tu, leo siku ya tano sijauona mlima Kilimanjaro. Jana nilifunua lile lundo: ndani lina joto, maganda yamelainika, punje nyingi zimevimba na chache zimeshatoa mkia.

Ninachoogopa zaidi ni kurudia ya mwaka jana. Niliweka debe tatu kwenye gunia, nikanunua dawa ya unga kwenye duka la pembejeo na kuchanganya kama nilivyoelekezwa. Oktoba nafungua, ni vumbi, kila punje ina tundu la mviringo. Nina watoto wanne, na maharage ndiyo mboga yetu siku nyingi za wiki. Lundo nilifanyeje? Nitajuaje yamekauka vya kutosha? Na mbegu nichague vipi?

MzeeWaKibosho
Pole sana mwanangu. Hilo lundo usilale nalo leo. Joto unalolisikia ndilo linaloozesha. Litawanye chini ya paa lolote ulilonalo, bandani, barazani, hata kwenye dari la jiko la kuni. Funga mashina machache machache kwa kamba ya mgomba, uyaning'inize mizizi ikiwa juu. Usiyapige yakiwa mabichi, ngozi ya punje inapasuka, na iliyopasuka haikai ghalani.

Yaliyobaki shambani subiri mpaka ganda likauke na ukilitikisa usikie punje zinacheza ndani. Ila yakifika hapo usiyaache yakae. Nikwambie jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua: bungua, yaani wadudu wanaotoboa punje, waliokumalizia maharage huenda hawakuingia kwenye gunia wakitokea stoo. Wengi wanatoka shambani. Jike anataga kwenye nyufa za ganda linalokauka, mabuu wanaingia kwenye punje kwa kitobo usichoweza kukiona, halafu wewe unavuna na kuwapeleka nyumbani. Kila wiki ganda kavu linapokaa kwenye mche unawaongezea nafasi. Ng'oa asubuhi na mapema umande ukiwapo ili maganda yasipasuke, na siku hiyo hiyo yafike chini ya paa.

Mabua makavu yapandishe nyumbani kwa ng'ombe. Yenye ukungu hapana.

DadaWaKilombero
Dada, mimi nauza maharage rejareja soko la Kilombero hapa Arusha, kuchambua ndiyo kazi yangu ya kila siku. Usichambue usiku kwa taa. Kaa barazani asubuhi, mwaga viganja viwili kwenye ungo, usizidishe, kisha uzivute punje kuja kwako kwa kidole. Tafuta kiduara chenye rangi hafifu juu ya ngozi, kama kidirisha kilichofungwa. Hapo ndani mdudu ameshakomaa, anasubiri kusukuma kifuniko atoke. Wengi wanatafuta matundu tu, na tundu maana yake ameshatoka, yuko kwenye gunia anataga.

Zilizovimba bila ukungu, pamoja na hizo zilizotoa mkia, chemsha leo kama maharage mabichi. Zilizokunjamana ziling'olewa changa, zinalika vizuri ila si mbegu. Zilizovunjika ziwe za kupikwa kwanza. Zenye madoa meusi yaliyobonyea usizipande kabisa, ugonjwa unasafiri na mbegu na mwakani utauona kwenye majani. Zenye ukungu zifukie, na tafadhali usiwape kuku. Hata maharage mazima yasiyopikwa yanawadhuru kuku.

Ukikuta nyeupe au nyeusi katikati ya Lyamungo, mara nyingi mbegu ilichanganyika kabla hujainunua, maana ua la maharage kwa kawaida linajichavusha lenyewe. Zitoe uzile. Mzigo wa rangi moja unapata bei nzuri zaidi.

Fundi_UsaRiver
Kuhusu ukavu: kaanga chumvi kidogo mpaka ikauke, iache ipoe. Itie kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza maharage, funga, tikisa, acha kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana maji. Ikishuka yote chini, unaweza kuhifadhi. Kung'ata pia kunasaidia, kavu linakatika "ka!" bila kubaki na alama ya jino.

Yakishakauka achana na gunia la kawaida. Tumia mifuko ya matabaka matatu, au madumu ya lita 5 yenye kifuniko kinachokaza, ujaze mpaka shingoni. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo na kufa. Madumu ni bora kwa familia, unafungua moja la kupika na mengine hayaguswi. Yakiingia na unyevu utavuna ukungu, kwa hiyo anza na chumvi.

MzeeWaKibosho
Mbegu usiichague kwenye ungo peke yake. Una bahati theluthi mbili bado ziko shambani. Pita leo, funga kitambaa kwenye mashina yaliyobeba vizuri na hayakuwa na majani ya madoa, uyang'oe peke yake. Kwa nusu eka, hata ukipanda maharage matupu, kilo 15 hadi 20 zinatosha.

MamaWaMsaranga
Shikamoo Mzee, na aika (asanteni) sana wote. Tulitawanya lundo usiku ule ule na watoto, nusu bandani, nusu darini jikoni. Tumekula yaliyovimba siku mbili na bado yapo. Vitambaa nimefunga mashina 60 hivi, na kwa kweli nimegundua upande wa mfereji karibu yote yana madoa, sikuwahi kuangalia. Chumvi bado inanata, nitapima tena Jumatatu.

Mzee, kuni zangu ni za mkaratusi. Moshi hautaleta harufu kwenye maharage?

MzeeWaKibosho
Marahaba. Harufu itakuwepo kidogo, ukiloweka na kumwaga maji inapungua. Ila ile ya mbegu iondoe darini leo, uiweke barazani penye upepo. Joto la juu ya moto linaua kiini, na punje kwa nje utaiona nzima.